Kabla Hujambeba Kasyoka

Matiliku, Jumapili jioni

Mwaitu Mumbua,

Uko chumba cha pili. Nakusikia ukifunga sanduku na kulifungua tena, na ningegonga huu ukuta ungeitika. Nimeshindwa kugonga. Tangu saa kumi nimeketi na karatasi nilizochana kwenye daftari lako la zamani la hesabu, chai imepoa mbele yangu mara mbili, na mama yako ameshauliza kama naandikia serikali. Nimemwambia naandika barua. "Ya nani?" Ya Mumbua. Amecheka mpaka akashika mlango. "Asi! Si umwite tu, hayuko hapo?" Basi ndiyo hivyo, baba yako amekuwa mtu wa kutuma barua kutoka chumba hadi chumba.

Mambo ya safari mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena ukiwa umesimama na sanduku mkononi. Sitayagusa. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la Kasyoka. Nitalisema sasa ili usisome ukiwa na roho mkononi: nadhani chatu wako ni mgonjwa. Nimelijua jambo hilo kwa siku tatu na nikanyamaza.

Usikimbie kwenda kumfungua. Soma kwanza yote, tafadhali, halafu ukasirike.

Najua safari hii imesimama juu ya nini. Yule bwana mwenye nyumba ya nyoka kule pwani aliandikiwa na watu wengi, wenye vyeti vikubwa kuliko chako, na akakujibu wewe kwa sababu ulimwambia una chatu uliyemlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya viatu. Akasema uje naye, amwone kwa macho yake, kazi utaipata ukifika. Gari lake litakuwa Emali kesho saa nne. Hakuna aliyewahi kutoka kwetu kwenda kazini kwa namna hiyo, kuitwa kwa kazi ya mikono yake na gari kutumwa. Nimejivuna sokoni wiki nzima, umenisikia.

Sasa fikiri pamoja nami. Ukifika na Kasyoka mgonjwa, yule bwana atafunua sanduku, atainamisha sikio, na atakuuliza ni mlezi gani anayesafirisha nyoka wa namna hii. Au hatasikia, atamweka pamoja na wale wake, na mwezi hautaisha kabla nyumba nzima haijaanza kutoa povu puani, kwa maana ugonjwa huu hupita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Ukifika mikono mitupu, pengine kazi atapewa mwingine. Na nikikuambia ukiwa bado hapa, nakujua, utavua viatu na kubaki. Njia zote tatu nimezipima usiku na mchana, na kila nilipofika mwisho wa moja nilirudi kunyamaza. Kunyamaza kulionekana ndiyo njia ya nne.

Ninajua kunyamaza huko kunafika wapi kwa sababu ya Mgeni. Wewe ulikuwa mdogo na unakumbuka mwisho wake tu. Acha nikupe na mwanzo, maana mwanzo sijawahi kuusimulia vizuri, huwa nausimulia kwa kujisifu.

Ulikuwa mwaka ule wa njaa tuliokula unga wa njano. Nilikuwa mhudumu wa josho hapa Matiliku, kazi yangu ni kuchanganya dawa na kuwasukuma ng'ombe waruke ndani ya lile handaki la maji wakitoka upande wa pili bila kupe. Mwaka huo hakukuwa na maji ya kuchezea, josho lilikuwa kavu, na asubuhi moja nikakuta chatu mchanga ndani yake, anajaribu kupanda ukuta wa saruji na kuteleza. Watu walikuwa wamekwisha kukusanya mawe. Nikaingia na gunia nikamtoa. Sikufanya hivyo kwa huruma, usidanganyike. Panya walikuwa wanamaliza mahindi machache tuliyogawiwa, na nilikuwa nimesikia chatu ni dawa ya panya.

Susu yako wa Nuu, mama yangu, yule uliyepewa jina lake, alikuwa anakaa nasi. Alipoona kilichomo kwenye gunia hakupiga kelele. Alichukua bakuli, akamimina maziwa ya mbuzi yaliyokuwa yamebaki, akaliweka mlangoni kama walivyofanya wazee wake chatu alipoingia boma. "Ni mgeni," akasema. "Msimpige. Akitaka ataenda." Chatu hakunywa hayo maziwa, nyoka si wa maziwa, lakini hakwenda pia. Panya waliisha kwa miezi miwili na jina likabaki.

Kanisani hawakufurahi. Unakumbuka nilikuwa naongoza nyimbo. Mchungaji aliniita kando, kwa upole, akasema, "Ndugu, watu wanaongea. Hii kitu unafuga inatuletea maneno. Mama yako ameipatia maziwa, wanasema ni mizimu." Nikamwambia ni paka tu asiye na miguu. Hakucheka. Nikaambiwa nipumzike kuongoza nyimbo mpaka nitakapoamua. Mumbua, nilikaa benchi la nyuma miaka miwili. Nilikuwa naanza nyimbo moyoni nusu sekunde kabla ya yule aliyenirithi, na kila Jumapili alikuwa anaanza chini mno. Nilijifanya sijali, na hilo lilikuwa uongo.

Kosa langu la kwanza kwa Mgeni lilitoka josho. Siku moja nikaona kupe wamejibana chini ya kidevu chake na kwenye magamba karibu na mkia. Mimi nikajiambia, kupe ni kupe. Nimewatoa kwa maelfu ya ng'ombe, nitashindwa na huyu? Nikachanganya dawa ya josho kwenye karai, kipimo cha ndama, nikamlaza humo mpaka shingoni.

Haikupita nusu saa. Alianza kutetemeka kuanzia kichwani, shingo ikajikunja kuelekea mgongoni, akageuka tumbo juu akabaki hivyo. Mimi nilimgeuza, akarudi tumbo juu. Hapo nikashika debe la kwanza la maji ya kunywa nikamwagia, nikashika la pili. Madebe yale mama yako alikuwa ameyatoa mtoni kwa mgongo, amechimba mchanga mpaka kiunoni ndipo akayapata. Alisimama pale akaangalia maji yakipotelea ardhini. Akasema tu, "Watu watakunywa nini, Baba Mumbua? Watakunywa nyoka?"

Mgeni alipona, lakini kwa siku nne kila nilipomgeuza alikawia kujirudi. Ndipo nikajifunza kipimo ambacho naona hata wewe unakitumia sasa bila kukumbuka kilitoka wapi: nyoka mzima ukimlaza chali hujigeuza mara moja, kwa hasira, na ukimshika unahisi mwili wote unakujibu. Akilegea mkononi mwako kuna jambo, hata kama macho yanang'aa. Kupe nilikuja kuwatoa kwa vidole, mmoja mmoja, na mafuta ya kupikia. Ilinichukua jioni nzima. Nilijua ng'ombe, mwaitu, nikadhani najua kila kitu chenye damu.

Nilipaswa kuwa na adabu baada ya hapo. Sikuwa nayo.

Mwaka uliofuata, kwenye ile miezi ya baridi, ukungu wa kilima cha Nzaui ukishuka mpaka sokoni na watu wakienda na blanketi mabegani, Mgeni akaacha kula. Hilo halikunishtua, na hata leo lisikushtue peke yake. Chatu anaweza kukaa wiki nyingi bila kula, baridi ikizidi, au macho yakianza kuwa ya maziwa kabla ya kujivua ngozi. Mtazame mgongo. Ikiwa uti wa mgongo umeanza kutokeza na ngozi za ubavuni zinalegea, hapo ndipo njaa imegeuka ugonjwa. Mgongo wa Mgeni ulianza kutokeza na nikasema ni baridi.

Halafu asubuhi moja nikamkuta amenyanyua shingo. Mwili umekaa chini umejikunja, lakini shingo imesimama wima, kichwa kimeelekea paa, mdomo uko wazi kidogo. Alikaa hivyo muda mrefu, akashuka, akanyanyuka tena. Kesho yake vilevile, jua likichomoza. Kesho kutwa vilevile. Nilisimama mlangoni nikamtazama, na Mungu anisamehe, nilichohisi kilikuwa furaha.

Niliona anaomba. Nataka unielewe, sikusema hivyo kwa hila, niliamini. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma miaka miwili kwa sababu ya kiumbe hiki, na sasa kiumbe chenyewe kinainua uso mbinguni kila alfajiri. Ungenionyesha jibu gani zuri zaidi ya hilo? Jumapili nikasimama wakati wa ushuhuda nikasema mbele ya wote. Watu wakanong'ona. Mchungaji hakuwa mjinga, alikunja uso akasema, "Hebu tuone, ndugu. Tusiseme kitu hatujaona."

Walikuja Jumatano. Chumba chetu kilikuwa kidogo, kwa hiyo nikamtoa Mgeni kwenye lile sanduku lake la majani makavu karibu na ukuta wa jikoni, nikamhamishia stoo ya josho penye nafasi, juu ya sakafu ya saruji. Baridi ya Julai, Mumbua, juu ya saruji. Nilifanya hivyo ili watu waone vizuri. Na kweli waliona. Shingo ikapanda, mdomo ukafunguka, na mama mmoja akaanza wimbo kwa sauti ya chini na wengine wakaitikia. Mchungaji alivua kofia. Wiki hiyo walikuja tena na tena, wengine walitoka mbali kama Emali kwa mguu na baiskeli. Na Jumapili mchungaji akaniambia nirudi mbele. Nilianza wimbo wa kwanza kwa sauti ya juu inayofaa, nikaona mama yako ameinamisha kichwa analia.

Sasa nafika pale.

Ilikuwa Jumanne, stoo imejaa. Wewe ulikuwa na miaka tisa, ulikuwa umechuchumaa karibu na Mgeni kuliko mtu yeyote, sikio lako karibu liguse ubavu wake. Watu walikuwa wamenyamaza wakingoja ainue shingo. Na katika kimya hicho ukasema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia.

"Baba, hii nyoka haiombi. Inakosa pumzi."

Nikakuambia nyamaza.

"Inakoroma kama ile ndama yetu kabla ikufe. Sikia tu, Baba. Weka masikio hapa."

Nilikupiga kofi. Unalijua, ulikuwa wewe uliyepigwa. Lakini pengine hujui nilivyoliona mimi. Niliuona mkono wangu ukienda na nikaona shavu, na kabla haujafika nilikumbuka jina lako ni la nani. Mila yetu inasema wewe ni mama yangu. Tangu ulipozaliwa sijawahi kukuita mtoto, nakuita mwaitu, yaani mama yetu, na susu alikuwa amezikwa mwezi wa tatu tu. Mkono haukusimama. Nilimpiga mama yangu mbele ya kanisa kwa sababu alisema kweli. Mchungaji aliangalia chini. Hukulia. Ulisimama ukapangusa vumbi kwenye gauni, ukatoka katikati ya watu, nao wakakupisha, na nyuma yako Mgeni akainua shingo na watu wakasema Haleluya.

Alikufa siku nne baadaye. Nilimpasua mwenyewe, peke yangu, kama nilivyozoea kupasua ng'ombe ili kujua sababu. Chatu ana pafu kubwa moja refu. Lilikuwa limejaa usaha mzito kama maziwa mala. Alikuwa hawezi kuvuta hewa akiwa amelala, ndiyo maana aliinua shingo, ili apate upenyo kidogo juu ya ule usaha. Kila asubuhi aliyokuwa "anaomba" alikuwa anazama.

Nilimzika nyuma ya josho. Halafu nikaenda kanisani nikasema ametiliwa sumu na watu wenye wivu. Hata jina la jirani nilikaribia kulitaja. Wewe ulikuwa umekaa na watoto wengine mbele, ukageuka ukanitazama, ukageuka tena. Hujawahi kusema neno juu yake mpaka leo. Miaka yote hii nimengoja useme, nikiwa na majibu tayari, na hukusema.

Ulipomwokota Kasyoka ukiwa na miaka kumi na sita na kumpa jina lenye maana ya aliyerudi, nilijua umenipa nafasi. Au pengine ulipenda jina tu. Mimi niliichukua kama nafasi. Nilikuona ukimlea kwa namna ambayo sikuijua: ukipima ngozi anapoivua kuona kama imetoka nzima kuanzia mdomoni mpaka mkiani, ukichungulia kama kioo cha jicho, ile ngozi ya zamani inayolifunika, kimebaki, na ukikataa kukibandua kwa ukucha kama mimi nilivyotaka. Ulimfunua mdomo ukanusa. Nilikucheka, nikakuita daktari wa meno. Ulisema, "Mdomo ukianza kunuka, Baba, tumechelewa." Nikaendelea kucheka.

Basi ni hivi. Alhamisi nilikuwa nambadilishia maji na nikasikia kifilimbi katika pumzi zake. Kidogo sana. Macho yalikuwa yametoka kuwa ya maziwa, ngozi ilikuwa inakaribia kuvuliwa, na unajua ngozi ya zamani ikibaki puani nyoka hupiga mluzi bila kuwa mgonjwa. Nilijiambia ni hiyo ngozi. Ijumaa akajivua, ngozi nzima, ulifurahi ukaitundika kwenye kamba ya nguo. Usiku ule nilimsikiliza tena. Mluzi ulikuwa palepale, na nyuma yake kulikuwa na kitu kingine, mlio kama wa ukuni mbichi ukianza kushika moto.

Jumamosi nikaona nyuzi za mate kwenye mbao za sanduku, upande anaolaza kichwa. Leo baada ya ibada nilimfunua mdomo kwa kipande cha boksi. Fizi bado ni za waridi, hazina doa wala ule uchafu wa njano, lakini mate yanavutika. Na pembeni mwa pua kulikuwa na povu, viputo vitatu vinne.

Sasa nitakuambia nilichofanya, maana bila hili barua yote ni hadithi tu. Nilisikia miguu yako inakuja. Nilichukua leso yangu nikamfuta. Nilimfuta pua na mdomo, nikafuta mate kwenye mbao, nikaitia leso mfukoni. Uliingia, ukamtazama, ukauliza, "Baba, yuko sawa?" Nikasema, "Yuko sawa kabisa." Ukainamisha kichwa upande, kama ulivyofanya stoo ukiwa na miaka tisa. Nikaona unataka kusikiliza. Nikaanza kuongea. Niliongea juu ya barabara ya Emali, juu ya dereva, juu ya mvua, kwa sauti kubwa kama mnadani, ili usisikie. Ulinitazama kwa namna ya ajabu. Halafu mama yako akakuita, ukatoka.

Nilibaki pale na leso yenye mate mfukoni. Mimi ni mzee sasa, sina mkono wa kofi. Lakini nilikuwa nimekunyamazisha tena, Mumbua, kwa njia ya upole zaidi, na nililijua hilo palepale. Ndipo nikatafuta kalamu.

Kwa nini nilifanya? Nimejihoji tangu saa kumi. Nilitaka uende. Hiyo ni kweli. Nilitaka kuwa baba wa msichana aliyetumiwa gari, na hiyo pia ni kweli, ni lile benchi la mbele tena. Sijui ipi ilikuwa na nguvu zaidi.

Ni mapema bado. Hilo naweza kulisema kwa uhakika, kwa sababu Mgeni nilimwona alipokuwa amechelewa na huyu hajafika huko. Nimemsogeza karibu na ukuta wa jikoni penye joto, mbali na moshi. Kesho kutwa nitampeleka Machakos kwa daktari wa wanyama, na dawa atampa yeye. Mimi sitachanganya chochote. Ikiwa ataniambia sindano kumi, nitakwenda mara kumi. Najua ninachokuomba: nakuomba umwachie Kasyoka mtu aliyemuua Mgeni. Ningekuwa wewe ningekataa.

Na wewe uende. Uende bila yeye. Yule bwana anaweza kukurudisha, nami siwezi kukuahidi kwamba hatakurudisha. Lakini umeomba kazi ya kutunza nyoka, na mtu anayekataa kumsafirisha nyoka mgonjwa ndiye mtu ninayemjua hapa nyumbani. Nimemwandikia karatasi fupi, iko ndani ya bahasha hii. Nimesema chatu hakuja, na binti yangu atakueleza mwenyewe alichosikia. Sikuandika ugonjwa gani. Hilo si langu kulisema.

Kwa maana naweza kuwa nimekosea, mwaitu. Masikio yangu yamepigiwa kelele na ng'ombe miaka ishirini, na hofu inaweza kumfanya mtu asikie usaha mahali palipo na mluzi wa pua. Mara ya kwanza nilisikia maombi. Sikiamini kichwa hiki.

Kofi lile nisamehe. Nilipaswa kukuomba siku ileile, mbele ya walewale. Nimeandika neno hili mara tatu na kulifuta, ndiyo maana karatasi imechafuka hapa.

Nitaipitisha barua chini ya mlango wako kabla hujaamka. Ukimaliza kusoma, hata kabla ya chai, njoo jikoni umsikilize. Weka sikio ubavuni, chukua muda wote unaotaka. Dereva angoje, mama yako angoje. Mimi nitasimama mlangoni na sitaongea. Halafu utuambie sisi sote unachosikia, na ukisema ni mgonjwa, nitakuwa wa kwanza kuitika kwamba umesema kweli.

Baba yako